Mkate wa Mtindi, Andazi au Muhogo: Shilingi ya Asubuhi Inanunua Nini Mabwerebwere

Katika kata ya Mabwerebwere, wilayani Kilosa, fedha ya kitafunwa hutoka kila siku na haiandikwi popote. Bei ya mbegu na ya mbolea mtu huikumbuka kwa miaka, lakini fedha ya andazi la asubuhi hupita mkononi bila kuhesabiwa, ingawa kwa mwaka mzima ni fedha nyingi kuliko mfuko wa mbolea. Makala hii inaihesabu. Inalinganisha vitafunwa ambavyo mkazi wa Kilosa ameshavizoea, yaani andazi, chapati, mkate wa mfuko na muhogo, na kuongeza kimoja ambacho wengi hawajawahi kukioka ingawa kila kinachohitajika kipo kijijini: mkate wa soda wa Kiayalandi, ambao hapa nitauita mkate wa mtindi.

Mkate huo una vitu vinne tu: unga wa ngano, maziwa yaliyochachuka, soda ya kuokea na chumvi. Hauna hamira, mafuta wala sukari, na hausubiri kuumuka. Asidi iliyomo kwenye mtindi ikikutana na soda hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, hewa hiyo huinua donge, na moto huligandisha kabla hewa haijatoka. Soda ya kuokea ilianza kuenea Ayalandi katika miaka ya 1830, na ikapokelewa vizuri na watu waliokuwa na ng'ombe wa maziwa, ngano laini isiyoumuka vizuri kwa hamira, na jiko lisilo na tanuri. Walioka ndani ya chungu cha chuma chenye mfuniko, makaa chini na makaa juu. Mtu wa Kilosa anayepalia wali au anayeoka keki kwenye sufuria anaujua moto huo. Na Ayalandi yenyewe si jina geni hapa, kwa kuwa shirika lake la misaada, Irish Aid, lilikuwa miongoni mwa wafadhili wa miradi ya maendeleo ya Wilaya ya Kilosa katika miaka ya 1990. Mkate wao haukufuatana na miradi hiyo, na nadhani hiyo ni hasara, kwa sababu ni mkate wa watu wanaoishi na ng'ombe.

Kilosa ina ng'ombe wengi. Wamaasai na Waparakuyo wamefuga katika wilaya hii kwa vizazi, na Wabarbaig walikuja baadaye. Hapa kuna historia ambayo mlaji wa mkate anastahili kuijua. Kuanzia miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano ya serikali, yaliyosaidiwa na Canada, yalichukua zaidi ya ekari 70,000 za malisho ya Wabarbaig kule Hanang' ili Tanzania ijitosheleze kwa mkate. Wafugaji wengi walitawanyika kutafuta nyasi, na leo ng'ombe wa Kibarbaig wapo hadi mkoani Morogoro. Nchi bado huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, na ndiyo maana vita ya Ukraine ya mwaka 2022 ilisikika hadi kwenye bei ya unga wa duka la kijijini. Kwa hiyo tunapolinganisha vitafunwa vya ngano na muhogo, tunalinganisha pia kitu ambacho bei yake hupangwa mbali sana na kitu kilichopo shambani nyuma ya nyumba.

Sasa tuingie kwenye lishe. Andazi, chapati, mkate wa mfuko na mkate wa mtindi vyote vinaanzia kwenye unga uleule. Gramu 100 za unga mweupe wa ngano zina kalori zipatazo 364, protini gramu 10 na nyuzinyuzi chini ya gramu 3. Unga wa ngano isiyokobolewa, ambao madukani huitwa atta, una kalori 340, protini gramu 13 na nyuzinyuzi karibu gramu 11. Tofauti ya vitafunwa inatokana na kinachoongezwa juu ya unga huo. Kwenye andazi unaongeza sukari na mafuta. Kwenye chapati unaongeza mafuta. Mkate wa mfuko umeongezwa maji, hamira, chumvi na sukari kidogo. Mkate wa mtindi unaongezewa maziwa. Ukishaona hivyo, swali la mnunuzi linakuwa jepesi: juu ya unga, umelipia nini?

Jedwali la lishe la Marekani linaupa mkate wa soda wa Kiayalandi kalori 290 kwa gramu 100, protini gramu 6.6, mafuta gramu 5, wanga gramu 56, nyuzinyuzi gramu 2.6 na sodiamu miligramu zipatazo 400. Lakini mkate unaookwa Marekani kwa jina hilo mara nyingi hutiwa sukari, siagi na zabibu kavu, mambo ambayo mkate wa asili hauna. Kwa hiyo nimepiga hesabu ya mkate ambao mtu wa Mabwerebwere angeuoka kweli: nusu kilo ya unga mweupe, mililita 400 za mtindi (chupa ya maji ya nusu lita isiyojaa), kijiko kimoja cha chai cha soda kilichosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ukitoka motoni una uzito wa karibu gramu 800. Kila gramu 100, yaani vipande viwili vinene, zina kalori zipatazo 260, protini gramu 8, mafuta gramu 2 na kidogo, na madini ya kalsiamu miligramu 65 hivi. Nyuzinyuzi ni chache, hazifiki gramu 2. Ukibadilisha nusu ya unga kwa atta, nyuzinyuzi hupanda hadi gramu 4 na protini hukaribia 9. Badiliko hilo moja lina faida kuliko mengine yote yanayoweza kufanywa kwenye mkate huu, na kwa nyumba yenye mtu wa kisukari au mzee anayesumbuliwa na choo kigumu ningelipendekeza bila kusita.

Mkate mweupe wa mfuko una kalori karibu 265, protini gramu 9, mafuta gramu 3 na sodiamu inayokaribia miligramu 500 kwa gramu 100. Kwa kalori na protini, basi, mkate wa mtindi na wa mfuko ni ndugu. Anayekuambia kwamba mkate wa kuoka nyumbani una lishe mara mbili ya ule wa dukani hakupiga hesabu. Unazidiwa kidogo hata kwa protini, kwa sababu una maji mengi zaidi. Unachopata ni maziwa ndani yake, sukari isiyokuwepo, na mamlaka juu ya chumvi.

Andazi ni habari nyingine. Nusu kilo ya unga, gramu 100 za sukari na mafuta yanayonywewa wakati wa kukaanga, ambayo kwa kawaida huzidi gramu 80, hutoa maandazi yenye kalori karibu 345 kwa gramu 100, mafuta gramu 10 na protini gramu 6 tu. Chapati iliyopakwa mafuta kila inapogeuzwa inakaribiana nayo: kalori 330, mafuta gramu 11, protini gramu 6 na nusu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120, na ndani yake hakuna protini wala chuma. Sheria ya Tanzania inataka mafuta ya kula ya viwandani yaongezwe vitamini A, jambo jema sana, lakini mafuta yanayochemshwa tena na tena hadi yawe meusi hupoteza vitamini hiyo. Sukari nayo, hata kama imetoka kwenye miwa ya Ruhembe na Kidodi au kiwanda cha Mkulazi pale Mbigiri, na hivyo ni jasho la watu wa wilaya hiihii, mwilini ni kalori tupu.

Hata hivyo nisimwonee andazi. Mtu anayekwenda kulima kwa jembe tangu alfajiri hadi saa sita anahitaji nishati nyingi, na mafuta ni nishati isiyochukua nafasi tumboni. Kwake maandazi mawili na chai ya maziwa ni chakula kinachoeleweka. Wasiwasi wangu ni kwa mtoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Mtoto wa miaka miwili ana tumbo dogo. Likishajaa andazi na chai ya rangi yenye sukari, hakuna nafasi ya kitu cha kumjenga, naye ataonekana ameshiba kweli.

Sasa bei. Bei hubadilika kati ya duka na duka, kati ya masika na kiangazi, kwa hiyo zinazofuata ni bei za mfano za kupigia hesabu, na msomaji aweke za kwake: unga wa ngano shilingi 2,000 kwa kilo, sukari 3,000, mafuta 6,000 kwa lita, mtindi 2,000 kwa lita, mkate wa mfuko wa gramu 400 shilingi 1,200, na andazi la kununua la gramu 50 shilingi 200.

Mkate wa mtindi: unga 1,000, mtindi 800, soda na chumvi 100, mkaa 700. Jumla 2,600 kwa gramu 800, sawa na shilingi 325 kwa gramu 100. Mkate wa mfuko ni shilingi 300 kwa gramu 100. Umeona? Ukinunua kila kitu, pamoja na mkaa, kuoka nyumbani ni ghali kuliko kununua. Kiwanda hununua unga kwa magunia na moto wake huoka mamia ya mikate kwa pamoja, na jiko lako halina uwezo huo. Lakini angalia mkaa ulivyokula shilingi 700 kati ya 2,600, zaidi ya robo. Maharage yakishaiva, jiko hubaki na makaa mazuri ambayo aghalabu huachwa yafe. Ukioka kwa makaa hayo, gharama inashuka hadi 1,900, yaani shilingi 240 hivi kwa gramu 100, na mkate wa mfuko umeshapitwa. Ukiwa na ng'ombe wako mwenyewe, au jirani mfugaji anayekuuzia mtindi kwa shilingi 1,000 kwa lita, unashuka tena hadi shilingi 190.

Chapati za nyumbani kwa nusu kilo ya unga, mafuta ya 600 na mkaa wa 500, zinafika 2,100, sawa na shilingi 260 kwa gramu 100. Maandazi ya nyumbani, ukijumlisha sukari na hamira, ni 2,500 kwa gramu 850, karibu 295. Andazi la kununua ni 400 kwa gramu 100. Tofauti ile ya shilingi 105 ndiyo mshahara wa mama lishe aliyeamka usiku kukanda, na kwa maoni yangu ni mshahara halali na mdogo. Sisemi watu waache kununua kwake. Nasema tujue tunachonunua: muda wake na mafuta yake, wala si lishe ya ziada.

Hesabu inayonigusa zaidi ni ya protini, kwa sababu ndiyo inayopungua kwenye meza ya asubuhi. Gramu 10 za protini zinagharimu kiasi gani? Kwenye andazi la kununua ni zaidi ya shilingi 650. Kwenye mkate wa mtindi uliookwa kwa mkaa wa kununua ni kama 400, kwa makaa ya bure ni 300. Mkate wa mfuko ni 330. Mtindi wenyewe ukinywewa, kwa bei ya 2,000, ni zaidi ya 600. Kisha tazama karanga: kwa shilingi 4,000 kwa kilo, gramu 10 za protini ni karibu shilingi 155. Maharage makavu kwa 3,000 kwa kilo ni kama 135. Hakuna kitafunwa cha ngano kinachoyakaribia maharage, kwa bei yoyote ninayoiweza kuifikiria. Ingekuwa mimi nina shilingi chache na watoto watatu, kiporo cha maharage kingekuwa kitafunwa changu cha kwanza, na mkate ungekuwa wa kuchovyea.

Kwa nini basi kuhangaika na maziwa ikiwa protini yake ni ghali? Kwa sababu protini hazilingani. Ya ngano, na hata ya mahindi yetu, ina upungufu wa lisini, mojawapo ya viambato ambavyo mwili wa mtoto hauwezi kujitengenezea. Maziwa yana lisini kwa wingi, na maharage pia. Maziwa yanaongeza vitamini B12, isiyopatikana kwenye mimea, na kalsiamu, ambayo katika mlo wa ugali na mboga hutegemea sana dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Mkate mzima wa gramu 800 una kalsiamu zaidi ya miligramu 500, lakini kipande kimoja kimoja ni kidogo, na mtu asidhani kwamba kimemaliza mahitaji ya siku. Mtu mzima anahitaji karibu miligramu 1,000, na kikombe cha maziwa cha mililita 250 pekee kina karibu 280.

Muhogo unasimama peke yake. Hauna protini ya kutaja, gramu moja na kidogo kwa kila gramu 100, lakini una kalori 150 hivi, una vitamini C, na hakuna kinachoweza kuushinda kwa nishati kwa shilingi pale unapochimbwa shambani mwako. Tatizo la muhogo ni upweke. Muhogo na chai ya rangi ni njaa iliyofichwa. Muhogo wa kuchemsha na kiganja cha karanga za kukaanga ni mlo wa asubuhi unaoizidi chapati kwa karibu kila kipimo, na kwa bei ya chini. Viazi vitamu vina kalori chache zaidi, chini ya 90 zikichemshwa, ila vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa vina vitamini A kwa wingi na vinastahili nafasi kwenye sahani ya mtoto.

Unga wa ngano una faida moja ambayo muhogo hauna. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 zinawataka wasagaji wakubwa wa ngano waongeze madini ya chuma, zinki, foliki asidi na vitamini B12 kwenye unga. Foliki asidi hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, na chuma huzuia upungufu wa damu. Kwa hiyo kwa binti au mama anayeweza kushika mimba, mfuko wenye alama ya virutubishi una thamani kuliko unga wa kupimiwa usiojulikana ulikotoka, hata ukizidi shilingi mia. Atta nayo ina chuma chake cha asili, ila chuma hicho kimefungwa na kiambato kiitwacho faiteti kilichomo kwenye pumba. Uchachu wa muda mrefu wa hamira hupunguza faiteti. Soda, inayofanya kazi kwa dakika chache, haipunguzi kwa kiasi hicho. Hapa mkate wa hamira unaushinda mkate wa mtindi, na ni haki kusema hivyo.

Kuna kizuizi kikubwa cha chuma kuliko faiteti, nacho kipo kwenye kikombe. Chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza sana chuma kinachoingia mwilini. Tunalipia unga ulioongezwa chuma, kisha tunaumwagia chai. Dawa yake haina gharama: chai inywewe saa moja kabla au baada, na palipo na chungwa, pera au embe, liliwe pamoja na mkate, kwani vitamini C huvuta chuma. Msimu wa maembe Kilosa matunda hayo huoza chini ya miti wakati watoto wanakunywa chai ya rangi.

Soda inahitaji uangalifu. Kijiko cha chai cha soda ya kuokea kina sodiamu karibu gramu 1.3, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 2 za sodiamu kwa siku kutoka vyakula vyote. Kijiko hicho kikigawanywa kwenye mkate mzima, pamoja na nusu kijiko cha chumvi, gramu 100 zinabaki na miligramu kama 340, chini ya mkate wa mfuko. Ukitia kijiko kizima cha chumvi faida hiyo imepotea, umefikia kiwango cha dukani. Mwenye shinikizo la damu aache chumvi kabisa: miligramu zitashuka hadi karibu 190, na mtindi utatoa ladha ya kutosha. Kuongeza soda ili mkate uumuke zaidi ni kosa, kwa sababu mililita 400 za mtindi hazina asidi ya kutosha kwa zaidi ya kijiko kimoja. Soda inayobaki huugeuza mkate kuwa wa manjano, huupa ladha ya sabuni, na huharibu vitamini B1.

Na tafadhali, magadi ya kupikia maharage yasitumike badala ya soda ya kuokea. Magadi yanayochimbwa ardhini, hasa yale ya upande wa kaskazini, yanaweza kuwa na floraidi nyingi, ambayo kwa mtoto anayekua huacha meno yenye madoa ya kahawia na, ikizidi kwa miaka, hudhuru mifupa. Soda ya kuokea ya pakiti ni safi na ni ya bei ndogo, na pakiti moja hudumu kwa mikate mingi. Pakiti ya unga wa kuumulia keki, beking pauda, nayo ni kitu kingine: ina soda ikiwa imeshachanganywa na asidi, hivyo haihitaji mtindi, na kwa mkate huu utahitaji vijiko vingi zaidi na gharama itapanda.

Kuhusu maziwa yenyewe kuna faida ambayo bei haionyeshi. Mtindi unaouzwa kwenye madumu na vibuyu mara nyingi umetokana na maziwa mabichi. Vimelea vya brusela, ugonjwa unaowafanya ng'ombe watupe mimba na kumpa binadamu homa isiyoisha na maumivu ya viungo, vinaweza kuishi ndani ya maziwa yaliyochachuka, na kifua kikuu cha ng'ombe pia hupita humo. Kuyachemsha maziwa kabla ya kuyagandisha ndiyo njia bora, na wauzaji wanaofanya hivyo wapewe heshima na wateja. Lakini mtindi usiojua historia yake ukiukandia mkate, moto unamaliza kazi: katikati ya mkate ulioiva hufikia joto la zaidi ya nyuzi 90, ambalo vimelea hivyo havilivumilii. Kwa mama mjamzito, ambaye brusela inaweza kumharibia mimba, mtindi huo ni salama zaidi ndani ya mkate kuliko ndani ya kikombe.

Kuoka hakuna siri. Weka sufuria kubwa motoni ikiwa na mchanga mkavu au vijiwe bapa ndani, ifunike ipate moto. Changanya unga, chumvi na soda iliyochekechwa isiwe na madonge, mimina mtindi, koroga kwa mkono mara chache hadi unga ushikane. Usikande kama chapati. Ukikanda mkate unakuwa mgumu. Soda imeshaanza kazi tangu ilipoguswa na mtindi, kwa hiyo donge liingie motoni mara moja, ndani ya sufuria ndogo iliyopakwa mafuta kidogo, likiwa limekatwa alama ya msalaba juu ili katikati paive. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Baada ya dakika 45 hivi ugeuze na uugonge chini: sauti ya uwazi ndani inaonyesha umeiva. Uache upoe kabla ya kukata. Hauna mafuta ya kuulinda, hivyo kesho yake utakuwa mkavu. Ukipashwa juu ya makaa unarudi kuwa mtamu, ila siku ya tatu usiutegemee. Mkate wa mfuko hukaa zaidi, na kwa familia ya watu wawili hilo lina uzito.

Maziwa huongezeka masika nyasi zinapoota, na bei yake hushuka. Huo ndio wakati wa mkate wa mtindi, tena ndio wakati ambao mvua huweza kukata barabara, kama mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalivyong'oa hata reli kati ya Kilosa na Gulwe, na mkate wa kutoka mjini usifike. Kiangazi hali hugeuka. Kwa bei nilizotumia, ukioka kwa mkaa wa kununua, mkate wako unalingana na wa mfuko pale mtindi unapokuwa shilingi 1,500 kwa lita. Ukioka kwa makaa yaliyobaki, unaweza kulipa hadi zaidi ya 3,000 kwa lita kabla hujapata hasara. Mtindi ukipita hapo, au ukiwa haba kiasi cha kuchagua kati ya mkate na kikombe, usiuoke. Chemsha muhogo, kaanga karanga, na maziwa machache yaliyopo yachemshwe, apewe mtoto mdogo kuliko wote nyumbani.